Korosho Haina Hataza, Kinyago Hakina Jina

Ndugu wasikilizaji, na nanyi mnaosoma mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni la mawakili na maofisa wa wizara tu. Jambo lenyewe ni haki miliki, yaani haki ya mtu kutambuliwa kuwa ni mwenye mali kwa kitu alichokibuni kwa akili yake, kama vile mwingine anavyotambuliwa kuwa mwenye shamba au mwenye ng'ombe. Nitalitazama kupitia historia ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na huko mbele ambako mto Ruvuma unamwaga maji yake baharini. Nimechagua pwani hiyo kwa sababu ina vitu viwili vinavyoweza kutufundisha mengi kuliko semina nyingi za hotelini. Vitu hivyo ni korosho na kinyago.

Kwanza tuelewane maneno. Haki hizi zina matawi kadhaa. Iko hakimiliki, inayolinda kitabu, wimbo, picha au kinyago. Iko hataza, anayopewa mtu aliyevumbua mashine, dawa au njia mpya ya kutengeneza kitu, ili kwa miaka kama 20 mtu mwingine asiitumie bila ruhusa yake. Iko alama ya biashara, ambayo ni jina au nembo inayomwonyesha mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Na siku hizi iko haki ya mgunduzi wa aina mpya ya mbegu au mche.

Nchi tajiri zimekuwa zikituambia jambo moja kwa miaka mingi. Zinasema lindeni haki hizi barabara, wawekezaji watakuja, wabunifu wenu watabuni, na maendeleo yatafuata. Mwaka 1994, pale Marrakesh, jambo hilo liliingizwa katika mapatano ya biashara ya dunia, na mwaka 1995 likaanza kufanya kazi. Nchi maskini kabisa, kundi ambalo Tanzania imo, zilipewa muda wa kujiandaa, na muda huo umesogezwa mbele mara kadhaa. Mara ya mwisho, mwaka 2021, ulisogezwa hadi tarehe 1 Julai 2034. Ndiyo kusema tuna saa inayohesabu ukutani. Kwa hiyo ni halali kuuliza kama tunayoambiwa ni kweli. Mimi naona tuiulize historia, maana historia haina posho ya kikao.

Tuanze na korosho. Mkorosho si mti wa kwetu. Asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioupitisha baharini katika karne ya 16 wakaufikisha India na pwani ya Afrika Mashariki. Ukaipenda ardhi ya kichanga ya Msumbiji na ya kusini mwa Tanzania. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ukawa zao kubwa la biashara, na leo ukienda Newala, Tandahimba, Masasi au Mtwara vijijini, utaona kwamba ada ya shule, bati la nyumba na mahari vinatokana na mti huo. Je, kuna mtu wa Mtwara aliyepata kuilipa Brazil hata senti moja kwa ajili ya mbegu ile? Hakuna. Wala Wahindi hawakulipa. Mbegu ilisafiri mfukoni, ikapandwa, jirani akaomba kwa jirani, na mikorosho ikajaa.

Na sio korosho peke yake. Karafuu iliyoitajirisha Zanzibar katika karne ya 19 ilitoka visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliilinda kwa mizinga. Karibu na mwaka 1770 Mfaransa mmoja aliyeitwa Pierre Poivre alifanya mbinu ya kuichukua miche kwa siri na kuifikisha Mauritius, na baadaye ikafika kwetu. Katani nayo ililetwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye aliagiza miche yake kutoka Florida, wakati asili yake ni Mexico. Kwa hiyo mazao yetu matatu mashuhuri, korosho, karafuu na mkonge, yote yalitoka kwa wenyewe bila wenyewe kulipwa. Uchumi wa pwani yetu umejengwa juu ya mimea iliyotembea bila hati. Hilo tuliweke akilini kabla ya kuambiwa kwamba bila ulinzi mkali hakuna maendeleo.

Sasa tutazame jinsi zao hili lilivyoanguka na lilivyosimama tena. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Baada ya hapo likaporomoka mwaka hadi mwaka, na kufikia msimu wa 1986/87 tulibaki na tani zipatazo 16,500 tu. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walihamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Ni nani aliyeuokoa mkorosho? Ni wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wakishirikiana na wenzao wa nje. Waliuchunguza ugonjwa, wakaonyesha jinsi na wakati wa kupuliza salfa, wakachagua mikorosho iliyozaa vizuri, na wakawafundisha wakulima kubebesha miche. Katika msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000.

Natilia mkazo jambo hili kwa sababu ujuzi wa Naliendele ulikuwa ni wa umma. Mkulima aliyefundishwa kubebesha hakuulizwa leseni. Alimfundisha shemeji yake, na shemeji akamfundisha jirani. Laiti kila hatua ya ujuzi ule ingekuwa na mwenyewe aliyekaa mlangoni akidai ushuru, sidhani kama zao lingefufuka kwa kasi ile. Korosho haina hataza, na kwa kukosa hataza imewalisha watu wengi.

Lakini hadithi ya korosho ina upande wa pili, na huo ndio unaouma. Korosho kuwa nyingi shambani ni jambo moja, na kuifaidi ni jambo jingine. Mpaka leo sehemu kubwa ya korosho yetu huondoka ikiwa ghafi, ndani ya ganda lake, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Katika miaka ya 1970 Serikali yetu ililiona jambo hilo. Kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, ikajengwa jumla ya viwanda 12 vya kubangua, vingi vikiwa huko huko kusini, kwa mitambo ya Kiitalia na ya Kijapani. Viwanda vilipokamilika korosho zenyewe zilikuwa zimepungua, vipuri vilitakiwa kuagizwa nje kwa fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo, na fundi wa kuirekebisha mitambo ile alikuwa ng'ambo. Vingi vikasimama. Baadhi ya majengo yale yaliishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Tusisahau kwamba Mtwara ilikuwa imekwisha kuona mchezo wa namna hiyo. Bandari yake yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita, mradi ulioletewa mashine kwa shehena huku ujuzi wa ardhi na mvua za mahali ukiwa haupo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mara zote mbili mashine zilikuja lakini ujuzi ukabaki ulikotoka.

Kuna jingine ambalo watu hawalizungumzi. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua mikono ya wabanguaji wetu. Huko Marekani, tangu miaka ya 1920, mkemia aitwaye Mortimer Harvey aliyachunguza mafuta hayo, akaona yanafaa kwa vitu kama rangi, vihami vya umeme na breki za magari, na akaandikisha hataza nyingi. Kitu ambacho kwetu ni kidonda mkononi, kwa mwingine kikawa hati yenye muhuri. Sisemi kwamba Harvey alituibia. Alifanya kazi ya kisomi na alistahili malipo yake. Nasema tu kwamba mali haikuwa katika ganda, ilikuwa katika kulijua ganda.

Sasa mtazameni Mvietnam. Naye alianza kwa kuuza korosho ghafi kama sisi. Lakini mafundi wake waliitazama mitambo ya wengine, wakaiiga, wakairekebisha, wakatengeneza ya kwao iliyo rahisi, na kipuri kikaweza kuchongwa mtaa wa pili. Mwaka 2006 Vietnam ikaipita India na kuwa ya kwanza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Na Vietnam iliingia katika Shirika la Biashara Duniani mwezi Januari 2007. Yaani masomo yake ya kuiga ilikuwa imekwisha kuyamaliza kabla ya kuingia katika nyumba yenye masharti. Leo inanunua korosho ya Mtwara, inaibangua kwa mashine zake, na inaiuza kwa bei ya mwenye ujuzi.

Je, Vietnam ilifanya jambo la aibu? Kama ni aibu, basi ni aibu ya ukoo mzima wa mataifa tajiri. Mwandishi Charles Dickens alipozuru Marekani mwaka 1842 alilalamika hadharani kwamba wachapaji wa huko walivichapa vitabu vyake bila kumlipa. Marekani ilianza kutambua hakimiliki za waandishi wa nje mwaka 1891, na mapatano ya Berne ya mwaka 1886 ilijiunga nayo mwaka 1989 tu, zaidi ya miaka 100 baadaye. Uholanzi iliifuta sheria yake ya hataza mwaka 1869 na haikuwa nayo tena mpaka mwaka 1912. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1891, kampuni ya Philips ikaanzishwa Eindhoven kutengeneza balbu za umeme. Uswisi, ambayo leo ni mlinzi hodari wa hataza za madawa, haikuwa na sheria ya hataza ya kudumu mpaka 1888, na hata hapo iliviacha nje vitu vya kemikali hadi 1907. Kila mmoja alipanda mti kwa ngazi. Alipofika juu akatangaza kwamba ngazi ni haramu.

Na sisi tulipewa nini wakati huo? Katika Tanganyika ya mkoloni sheria ya hataza ilikuwa ni ya kuandikisha upya hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza. Mtu wa Mikindani aliyevumbua kitu ilimbidi kwanza apate hataza London, kisha aje aiandikishe nyumbani kwake. Hali hiyo ilitufuata hata baada ya Uhuru, mpaka ilipotungwa Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Sheria ilikuwepo miaka yote hiyo, lakini haikuwa ya mvumbuzi wetu. Ilikuwa ya kulinda bidhaa za wengine zilizokuja kwetu.

Mpaka hapa huenda baadhi yenu mnasema kwamba mimi ni adui wa haki miliki. La hasha. Nimesema kuna vitu viwili, na cha pili ni kinyago. Kinyago kinatufundisha somo lililo kinyume.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kumiliki ujuzi ni fikra ya Kizungu. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wana mapiko, vile vinyago vya kuvaa vichwani katika ngoma za jando. Kwa desturi, mapiko yalichongwa mafichoni, mbali na macho ya wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni. Aliyejua alijua kwa kuwa alipitishwa, na asiyepitishwa akichungulia alipata adhabu. Hiyo nayo ni sheria ya miliki. Haikuwa na karatasi, lakini ilikuwa na mlango na bawabu, na kila mtu alijua nani ana haki ya kujua nini.

Kinyago cha biashara ni jambo jingine. Wamakonde wengi wa Msumbiji walivuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Mikindani, Lindi na hata Tanga. Walikuja wengine wakiikimbia kazi ya kulazimishwa ya Wareno, na wengine zaidi baada ya mauaji ya Mueda ya mwezi Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza 1964. Walikuja na patasi zao. Dar es Salaam, katika miaka ya 1950, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, alikuwa akinunua kazi zao na kuwahimiza. Wanaosimulia historia ya uchongaji humtaja Samaki Likankoa kuwa ndiye aliyeanzisha vinyago vya shetani, vile vyenye viungo vilivyopindana visivyofanana na mtu wala mnyama. Na humtaja Roberto Yakobo Sangwani kuwa ndiye aliyeleta mtindo wa watu waliopandana wakibebana katika gogo moja la mpingo, mtindo ambao baadaye tukauita ujamaa.

Tafakarini hapo kidogo. Mtindo wa ujamaa ulitoka katika kichwa cha mtu mmoja, halafu ukachongwa na maelfu. Lau Sangwani angepata hati ya kuwakataza wengine, maelfu hao wasingepata chakula, na sanaa yenyewe ingebaki ndogo. Mchongaji kijana hukaa miguuni pa fundi, huiga, hukosea, huiga tena, mpaka siku moja mkono wake unaanza kusema lugha yake. Kuiga ndiyo shule yake. Vilevile ndivyo ilivyokuwa kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, juu zaidi katika bonde la Ruvuma, ambaye alianza kuchora picha zake Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972. Miaka yake ya kazi ilikuwa michache mno, lakini kwa kuwa ndugu na wanafunzi walimwiga, jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji.

Kwa hiyo shida haiko kwa mwanafunzi anayeiga. Shida iko kwa mfanyabiashara anayenakili, na tofauti yao ni kubwa. Mwanafunzi hurudisha kitu katika ufundi. Mfanyabiashara huchukua umbo, hulitoa kwa mashine au kwa mti laini uliopakwa rangi ya viatu ufanane na mpingo, kisha hulibandika neno Makonde na kuliuza kwa mtalii. Mti huo wa rangi ya viatu nimeushika kwa mikono yangu sokoni hapa mjini, na vidole vikatoka vyeusi. Anayeibiwa pale si mtalii peke yake. Ni yule fundi wa mpingo aliyekaa na gogo lake majuma mengi, ambaye sasa anaambiwa na mnunuzi kwamba bei yake ni kubwa, maana duka la jirani linauza kama hicho kwa robo ya bei.

Hebu tutazame pia kisa kilichotuhusu kama taifa. Mwaka 1984 vitu kadhaa viliibwa katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, kikiwemo kinyago cha Kimakonde. Kinyago hicho kikaonekana Geneva katika makumbusho ya Barbier-Mueller, na baada ya mazungumzo ya miaka mingi kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini kinyago kikiibwa kinaweza kurudishwa kwa ndege. Umbo likiibwa, kwa ndege gani litarudi? Na aliyekichonga kile cha Geneva aliitwa nani? Makumbusho yalitajwa, miji ikatajwa, jina la fundi halikusikika. Huo ndio umaskini wa kinyago, kwamba kinafika mbali na mwenyewe anabaki nyuma.

Mfano wa kinyume tunao. George Lilanga alizaliwa 1934 katika kijiji cha Kikwetu, wilayani Masasi, akafa Dar es Salaam mwaka 2005. Alichonga, akachora, na aliweka jina lake katika kazi zake. Leo kazi zake ziko katika makumbusho na minada ya Ulaya na Marekani, na bei zinafuata jina. Mpingo ni ule ule na mashetani ni yale yale ya Kimakonde. Jina ndilo lililoongezeka.

Sheria yetu inasemaje? Tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966. Mwaka 1994 tukajiunga na mapatano ya Berne. Kisha ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, na ambayo ina sehemu nzima juu ya sanaa za jadi. Mwaka 2010 shirika la ARIPO, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, lilipitisha itifaki ya Swakopmund juu ya ujuzi wa jadi. Karatasi, kwa hiyo, tunazo. Lakini karatasi ya jadi ina ugumu wake. Mwenye kinyago cha Kimakonde ni nani? Ni Mtanzania au Mmsumbiji? Ni kabila, ni wizara, au ni fundi mwenyewe? Ruvuma ilichorwa kuwa mpaka na Wajerumani na Wareno, sio na wachongaji. Tukisema mwenye haki ni Serikali, malipo yataishia ofisini. Tukisema ni mtu mmoja, tutaiua ile shule ya kuigana niliyoitaja.

Mimi naona dawa iko karibu zaidi, nayo ni jina. Wachoraji wa Tingatinga walifanya jambo la busara mwaka 1990 walipojiunga katika chama cha ushirika. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Mtwara, kilichoandikishwa, kinaweza kuomba alama ya biashara BRELA chini ya sheria ya mwaka 1986, kikaiweka chini ya kila kinyago pamoja na jina la fundi na kijiji chake. Alama hiyo haimzuii mwanafunzi kuiga. Inamzuia tapeli kusema uongo. Na kuwa macho kunasaidia. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha neno kikoi, kwa tahajia ya kwao, liwe alama yake ya biashara. Wakenya wakapiga kelele, wakapata mawakili wa kuwasaidia, na ombi lile likashindwa. Neno letu likabaki letu kwa sababu kuna waliosoma tangazo kwa wakati.

Nirudi kwenye korosho kwa ajili ya onyo moja. Mwaka 2012 tulitunga sheria mpya ya haki za wagunduzi wa mbegu, na mwezi Novemba 2015 tukajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda haki hizo. Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba mtafiti asipolipwa hatagundua mche bora. Naafiki alipwe. Lakini sheria za namna hiyo humpa mgunduzi uwezo wa kumdhibiti mkulima anayeuza au kumgawia mwenzake mbegu ya aina iliyolindwa. Mkorosho wa Mtwara ulienea kwa mtu kumgawia mwenzake. Maadamu mgunduzi mkuu wa miche yetu ni taasisi ya umma, tunaweza kuamua kwamba mlango wa mkulima mdogo ubaki wazi, na ada itozwe kwa kampuni kubwa. Uamuzi huo ni wetu, na ufanywe kwa macho mawili, sio kwa kutia saini kwa sababu wengine wametia.

Mwaka 2013 watu wa Mtwara walitaka kujua gesi ya kwao inakwenda wapi, na nchi nzima ikasikiliza, kwa uchungu. Bomba la gesi linaonekana. Bomba linalotoa ujuzi halionekani, lakini limekuwa likifanya kazi kwa muda mrefu zaidi, nalo halina mita.

Ndugu wasikilizaji, ninalosema ni hili. Haki miliki ni uzio. Uzio hauoteshi kitu, na aliyezungushia uzio shamba tupu atavuna nyasi. Lakini aliyepanda bila uzio naye analisha mbuzi wa jirani. Tulipo bado wanafunzi, kama katika mashine za kubangua korosho na matumizi ya mafuta ya ganda, tusikimbilie kujifungia nje kwa uzio wa wengine. Tuitumie miaka iliyobaki kabla ya 2034 kuwapeleka vijana wa VETA na vyuo vyetu wakafungue mashine, waone zinavyofanya kazi, watengeneze za kwetu. Hataza za zamani zilizokwisha muda wake ni mali ya kila mtu, na kuzisoma si dhambi. Tulipo sisi ndio mabingwa, kama katika kinyago, tujenge uzio leo, maana hapo mbuzi wameshaingia. Muda wa nyongeza si maendeleo. Ni nafasi tu, na nafasi isiyotumika hupita kama meli ya korosho ghafi inavyoondoka Mtwara.

Kwa leo naishia hapo. Wewe unayekwenda kununua kinyago mwisho wa mwezi huu kwa ajili ya mgeni wako, uliza jina la aliyekichonga. Muuzaji akilijua, andika chini ya kinyago. Asipolijua, mwambie ulikuwa tayari kuongeza bei kwa ajili ya jina hilo. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.